Mlango wa Chumba cha Kwanza

Fundi alikuwa mtu wa kujaribu kila kitu mara mbili, na kwa tabia hiyo aliwachosha wenzake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha zahanati ya meno, chumba chenye dirisha moja, meza mbili, na vumbi jeupe la plasta lililoingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Daktari alichukua vipimo vya vinywa vya watu huko mbele. Huku nyuma Fundi alimimina plasta, akachonga nta, akapika plastiki ya rangi ya ufizi, akaisugua mpaka ikang'aa. Hakuna seti iliyotoka mezani kwake bila kufungwa kwenye taya la chuma, kile kifaa chenye bawaba, na kung'atishwa mbele, nyuma, kushoto na kulia, mpaka Daktari aje kugonga mlango.

"Fundi, mzee wa watu amekaa huko mdomo wazi tangu asubuhi."

"Akae. Bora akae mdomo wazi leo kuliko aje kuufungua kwa matusi kesho."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyefanya kosa hili. Waliosema kinyozi hajinyoi hawakuwa wamekunywa kitu siku ile. Walikuwa wameshawaona watu kama yeye.

Nyumbani kwake, vyumba viwili ghorofa ya pili, kulikuwa na mashine ya gemu chini ya televisheni, na ndani yake programu moja tu aliyoijali: programu ya kutengenezea gemu zako mwenyewe. Siyo zile za kupigana risasi. Hizi ni gemu za safari, ambamo kijitu kidogo kinatembea mitaani, kinaongea na watu, kinaingia pangoni, kinapambana na zimwi, kinatoka kimekua. Programu inakupa vigae vya sakafu, kuta, miti na watu, wewe unapanga. Maneno unayaandika kwa rimoti ya gemu, herufi moja baada ya nyingine, na salamu ya mtu mmoja tu inaweza kukuchukua muda wa kuivisha maharage. Kazi ya wenye subira, au ya wasio na mtu wa kuongea naye. Fundi alikuwa yote mawili.

Aliijua programu hiyo tangu ujana, yeye na mdogo wake. Mdogo wake walimwita Kiberiti, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyowaka upesi. Kiberiti ndiye aliyekuwa mchoraji. Alichora watu wa gemu nukta kwa nukta, ukamtambua muuza duka wa pale mtaani kwa mabega yake tu. Fundi alishika matukio: ukikanyaga hapa mlango ufunguke, ukiongea na huyu mara tatu akupe ufunguo. Kila jambo katika gemu hukumbukwa kwa swichi, imewashwa au imezimwa, na Fundi alizijua swichi zake zote kwa kichwa.

"Wewe mikono, mimi ubongo," alikuwa akimtania.

"Ubongo usio na mikono ni supu, Dada," Kiberiti alimjibu, na wakacheka mpaka baba yao akagonga ukuta.

Baba alikuwa mchomeleaji vyuma, mtu wa maneno machache na yote ya amri. Kwake yeye kuchora kulikuwa uvivu uliopakwa rangi. Kiberiti alipofika miaka kumi na tisa akaitwa kwenye mtihani wa kuingia chuo cha uchoraji, mtihani wa siku moja kwa mwaka, saa tatu kamili asubuhi, na Baba hakubishana naye hata kidogo. Asubuhi ile alifunga tu chumba cha kijana kwa nje, akamkabidhi Fundi ufunguo.

"Saa nane ndiyo umfungulie. Ukimfungulia kabla, mtanitambua nyote wawili."

Akaenda kazini. Fundi alikuwa na miaka ishirini na minne, mtu mzima na kazi yake, akasimama koridoni na ufunguo kiganjani. Kiberiti akabisha polepole kutoka ndani.

"Dada. Ameshaondoka. Fungua."

"Subiri kidogo, nakuja kufungua."

Na alikuwa na nia ya kufungua, hilo lazima lisemwe. Alitaka tu kuhakikisha kwamba Baba amepinda kona. Alipopinda, akataka kuhakikisha hatarudi kuchukua miwani, maana alikuwa na kawaida ya kusahau miwani. Kiberiti akabisha tena, Fundi akajibu yale yale. Saa mbili u nusu ikapita. Saa tatu ikapita. Baada ya hapo kufungua kulikuwa na faida gani? Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, na kila alipoulizwa alijibu subiri kidogo, mpaka aliyekuwa anauliza akaacha kuuliza. Saa nane ilipogonga akafungua, kama alivyoagizwa. Kiberiti alipita bila kumtazama, akachukua begi, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Kiberiti alihamia mji mwingine, akawa mchora mabango ya maduka, akaoa, akapata mtoto. Baba alipofariki alikuja mazishini, akasimama upande wa pili wa kaburi, akaondoka watu hawajatawanyika. Fundi alimpigia simu, namba yake ikafungiwa. Akaandika barua, akazipeleka kwa Shangazi, dada yake Baba, ambaye ndiye aliyekuwa daraja kati yao. Barua zilirudi hazijafunguliwa.

"Anasema maneno yako alishayasikia mlangoni," Shangazi alimweleza, huku akimwekea bahasha mkononi. Alimpa na ndizi mbivu, maana hakujua kufariji kwa njia nyingine.

Basi Fundi akaona kwamba maneno hayafai, na labda gemu itafaa. Kwa miaka miwili, kila alipotoka kazini akiwa na plasta kwenye nyusi, alikaa mbele ya televisheni akijenga. Gemu ilianzia kwenye chumba kilichofungwa, chenye kijana ndani. Sauti ya dada yake inasema kutoka nje, subiri kidogo, nakuja kufungua. Kisha, na hapa ndipo kilipo kiini cha gemu hii, anafungua. Palepale. Anafungua mlango, wanatoka wote wawili, wanashika njia, wanavuka mitaa yote waliyoijua na kupambana na mazimwi yenye miwani ya Baba, na mwishoni, kwenye lango la chuo, dada anasimama na kusema mistari kumi na mmoja. Mistari hiyo Fundi aliiandika na kuifuta mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Ilikuwa na neno nisamehe mara moja tu, katika mstari wa tisa, kwa sababu mingine minane ilibidi itangulie.

Kampuni yenye programu ndiyo iliyomharakisha. Ilikuwa na rafu yake mtandaoni, ambako watu waliweka gemu walizotengeneza ili wengine wazishushe, na sasa ikatangaza kwamba rafu inafungwa. Kupandisha gemu mpya au kusahihisha ya zamani, mwisho Jumamosi saa kumi jioni. Kushusha zilizokwishapandishwa, wiki moja zaidi, kisha basi. Kiberiti alikuwa bado na mashine ya aina ileile, Shangazi alishamwona akicheza na mwanawe. Fundi akamtuma Shangazi, na Shangazi akarudi na jibu lililomkosesha Fundi usingizi siku mbili.

"Amesema ukiiweka ataichukua. Atacheza mara moja. Amelirudia hilo: mara moja, Shangazi. Nami nikamwambia mara moja ni nyingi, wengine hata hiyo hawapati."

Sasa lisikilizwe kosa lenyewe, maana ni dogo, na ndiyo sababu linauma.

Programu ile ilikuwa na nafasi yenye kikomo. Kuna kipimo pembeni ya skrini kinachojaa kadiri unavyojenga, na kikijaa hakikuongezei hata nukta. Ijumaa jioni kilikuwa kimejaa, na mistari saba tu kati ya kumi na mmoja ndiyo iliyoingia. Nisamehe ilikuwa nje. Fundi akaanza kupunguza. Akatoa kisima, akatoa kuku watano na mbwa mmoja, akatoa mwanamke aliyekuwa anapongeza watu kwa kupita. Bado. Akafungua orodha ya swichi, akafuta zote zisizo na jina, akijua kwamba zenye kazi zote alizipa majina. Karibu zote. Swichi ya arobaini na moja aliitengeneza siku ya kwanza kabisa, kabla hajaanza utaratibu wa majina, na kazi yake ilikuwa kule chumbani. Sauti ya nje ya mlango ilikuwa tukio la kujiendesha, lile linaloanza lenyewe mchezaji anapoingia, likamnyang'anya uwezo wa kutembea mpaka liishe. Na likiisha huanza upya, isipokuwa pawe na swichi ya kuliambia yatosha. Swichi hiyo ndiyo iliyoiambia sauti yatosha, na ndiyo iliyomwambia dada fungua. Ikafutwa pamoja na kuku.

Mistari kumi na mmoja ikaingia. Fundi akapiga makofi peke yake.

Je, alijaribu? Alijaribu Ijumaa, akajaribu Jumamosi mchana, baada ya kuomba ruhusa kwa Daktari kwa kisingizio cha jino lake mwenyewe. Alipita mitaa yote, akaua mazimwi yote, akasoma mistari yote. Lakini programu inakuruhusu kuanza jaribio popote unapotaka, na Fundi kwa miaka miwili alikuwa akianzia koridoni, mlango ukiwa umeshafunguliwa. Alijiambia ni kuokoa muda, kwa kuwa mwanzo ule ulikuwa wa polepole. Uwongo. Hakuwa na ubavu wa kukaa mbele ya chumba kile. Mtu asiyeruhusu jino moja la mzee wa watu litoke bila kung'atishwa aliuacha mlango ule mmoja bila hata kuusukuma.

Saa tisa na dakika arobaini akapandisha gemu rafuni, na namba ya siri ya kuishusha akampa Shangazi peke yake ampelekee Kiberiti. Skrini ikamwambia imepokelewa. Saa kumi kitufe cha kusahihisha kikawa cha kijivu. Fundi alilala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Jumapili asubuhi aliwasha mashine kabla ya kupiga mswaki. Chini ya gemu yake paliandikwa idadi ya walioishusha: sifuri. Akafua shuka, akarudi: sifuri. Akapiga deki mpaka chini ya kitanda, mahali ambapo deki haikufika tangu ahamie. Sifuri. Saa nane mchana, akiwa bado na tambara mkononi, akatazama tena na pakawa na moja.

Moja. Na kwa kuwa namba ya siri ilikuwa ya mtu mmoja, moja ile ilikuwa na jina na wembamba wake. Fundi alicheza na tambara katikati ya chumba, maji yakimtiririka kiwikoni. Kisha wazo likamjia, zuri kuliko yote ya siku hiyo: naye acheze. Acheze tangu mwanzo kabisa, kwa mara ya kwanza, sambamba na mdogo wake. Kiberiti akivuka mtaa wa wauza viatu, naye avuke. Akifika langoni, naye awe langoni. Wangekuwa wametembea pamoja hata kama mmoja wao hajui. Akakaa, akafuta mikono kwenye gauni, akabonyeza anza.

Chumba kikatokea. Kitanda, dirisha, meza yenye karatasi. Kijana mdogo mwembamba akiwa amesimama katikati. Fundi akavumilia.

Subiri kidogo, nakuja kufungua.

Akabonyeza. Subiri kidogo, nakuja kufungua. Akadhani amebonyeza kabla ya wakati, akabonyeza tena. Subiri kidogo, nakuja kufungua. Mara ya nne vilevile, mara ya tano vilevile. Akajaribu kumtembeza kijana, hatembei. Akajaribu kutoka, kuhifadhi, kurudi nyuma; hakuna kilichosikia. Kijana alisimama palepale, uso kwa mlango, na maneno yakaja, yakaondoka, yakaja.

Na Kiberiti alikuwa humo ndani wakati uleule. Siyo jana, siyo kesho. Sasa hivi.

Alizima, akafungua kazi yake, akaitafuta swichi, akaona pengo lake kati ya arobaini na arobaini na mbili. Kuirudisha kulimchukua dakika mbili. Kwenye mashine yake mlango ukafunguka vizuri kabisa, dada akaingia, kijana akatoka, raha mustarehe. Kwenye rafu, kitufe kilikuwa kijivu kama jana. Alikibonyeza hata hivyo. Alikibonyeza mara nyingi, kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama kwamba mashine ingemhurumia. Akaiandikia kampuni barua yenye makosa matatu kwenye mstari wa kwanza, na jibu likaja kabla hajashusha pumzi: Asante kwa kuwa nasi miaka yote hii.

Akampigia Kiberiti. Namba ilikuwa imefungiwa, kama alivyojua. Akampigia Shangazi, ikaita mpaka ikakatika. Simu ya Shangazi iliishi kabatini pamoja na vyombo vya wageni, na ilitolewa kwa heshima ileile. Fundi akavaa ndala, akashuka ngazi, akakimbia. Kwa Shangazi ni mwendo wa dakika ishirini; alifika kwa kumi na mbili, na ndala moja ya bluu na moja ya kijani.

Shangazi alikuwa anayeyusha friji. Mlango wa friji ulikuwa wazi, barafu ikidondoka kwenye beseni, naye ameketi kwenye kigoda akiibembeleza kwa mwiko.

"Shikamoo Shangazi, simu yako iko wapi?"

"Marahaba. Salamu na swali kwa pumzi moja, nani kafa?"

"Mpigie Kiberiti. Mwambie azime."

"Azime nini?"

"Gemu. Mlango haufunguki."

"Mlango wa wapi?"

"Wa kwenye gemu, Shangazi! Nimekosea. Nilifuta swichi."

Shangazi akatazama taa ya darini, ikawa inawaka vizuri tu. "Keti," akasema. "Vuta pumzi. Nieleze kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kugusa vitu hivyo, maana sijawahi."

Fundi akaeleza. Akaeleza chumba, sauti, swichi, kitufe cha kijivu, akirukaruka huku na huko. Shangazi alisikiliza mwiko ukiwa hewani, na alipoelewa aliuweka chini polepole.

"Yaani umemfungia tena."

"Sikumfungia! Ni bahati mbaya."

"Najua, mwanangu. Nasema vile yeye atakavyosema."

Simu ikatolewa kabatini. Shangazi akapiga, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena, vilevile. Wakakaa jikoni wote wawili, simu mezani kati ya sahani, wakiitazama. Barafu ilikuwa inadondoka. Fundi aliuma kucha yenye ladha ya plasta.

"Akipiga, wewe kimya," Shangazi akamwonya. "Akisikia sauti yako anakata, unamjua. Baada ya msiba wa baba yenu si nilimwambia nakupa dada yako umsalimie? Alikata, na mimi mwenyewe akaninunia miezi mitano. Miezi mitano, mtu niliyembeba mgongoni! Kwa hiyo kimya. Ukiwa na la kusema, andika, nitasema mimi."

Akampa risiti ya umeme na kalamu. Fundi akaandika upande wa nyuma, kwa herufi kubwa: SWICHI YA 41 ILIFUTIKA KWA BAHATI MBAYA. MLANGO ULIKUWA UFUNGUKE. Herufi zilikwenda kombo, kwa mkono uleule unaoweza kuchonga jino la mbele mpaka mwenyewe asilitambue.

Saa tisa u nusu simu ikalia. Shangazi akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo Shangazi. Nimeona umenipigia."

Sauti ilikuwa imekuwa nzito. Fundi hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na moja na aliijua kabla haijafika mwisho wa neno la kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko? Mkeo? Mtoto?"

"Wazima. Mtoto amelala."

"Aa, vizuri. Ee... ile gemu ya dada yako."

"Nimecheza," Kiberiti akasema.

Shangazi akamtazama Fundi, Fundi akatazama simu.

"Nilipokiona kile chumba nilikijua palepale," Kiberiti akaendelea. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaongea kama mtu anayesimulia safari. "Kitanda, dirisha, kila kitu. Nikasema, haya, twende. Maneno yakaja, subiri kidogo. Nikabonyeza, yakaja tena. Yakaja tena. Mwanangu ananiambia, baba, imekwama hii. Nikamwambia haijakwama, tulia, shangazi yako anakuja kufungua."

Fundi aliweka kiganja mdomoni.

"Saa nzima, Shangazi. Nilikaa saa nzima. Mke wangu ananiita chakula, namwambia bado kidogo. Mtoto kasubiri na mimi mpaka kalala kwenye paja langu. Mimi mtu mzima, nabonyeza kitufe kimoja."

"Ni hitilafu, mwanangu," Shangazi akasema haraka. Akaisogeza risiti mbali na macho yake, maana miwani ilikuwa chumbani. "Swichi ya arobaini na moja ilifutika kwa bahati mbaya. Mlango ulikuwa ufunguke."

Kiberiti akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Swichi ya arobaini na moja. Shangazi, wewe hata rimoti ya televisheni unaishikia kichwa chini. Nani kakufundisha hayo?"

"Yameandikwa hapa."

"Wapi?"

Shangazi akaifunika risiti kwa kiganja. Tone likaanguka kwenye beseni.

"Yupo hapo?" Kiberiti akauliza.

Shangazi akainua macho. Alimwuliza Fundi kwa uso mzima: nisemeje? Fundi angeweza kusema nipo. Neno moja, herufi nne, na safari hii hakukuwa na haja ya kulitafuta kwa rimoti. Badala yake aliiona ile miezi mitano, aliisikia simu ikikatwa, na kichwa chake kikatikisika kabla hajakituma. Hapana. Hayupo.

Shangazi alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, isipokuwa wa umri wake. "Hayupo," akasema, na akawa mwekundu wa macho. "Aliniachia karatasi."

Kwenye simu kulisikika pumzi ikitoka. Nyuma yake mtoto alikohoa usingizini, na kitu kama kiti kikasogezwa.

"Ningependa angekuwepo," Kiberiti akasema. "Kuna kitu nilitaka kumwambia mwenyewe. Wakati nimekaa pale nilikuwa nakifikiria."

"Niambie mimi, baba. Nitamfikishia neno kwa neno."

"Hapana Shangazi. Vitu vya kufikishiwa nimevichoka." Akangoja, kana kwamba bado anaangalia kama kuna mtu mwingine atakayesema. Kisha akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi, "Haya. Asiyekuwepo na lake halipo. Mchana mwema, Shangazi."

"Kiberiti!" Fundi aliirukia meza, sahani ikaanguka. "Nipo! Nipo hapa, nisikilize, nipo—"

Alikuwa anakiambia kioo cheusi. Shangazi alimpokonya simu, akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na sasa sauti ya mashine ikawaambia kwamba mteja hapatikani. Akapiga mara ya tatu, ya nne. Fundi alikuwa amesimama katikati ya maji ya friji, vidole vya miguu vimelowa, akimtazama Shangazi anavyobonyeza kitufe kilekile.

"Mbona ulitikisa kichwa?" Shangazi akauliza hatimaye, na sauti yake ikavunjika. "Kakuuliza mwenyewe. Kakuuliza, mtoto wewe!"

"Uliniambia nikae kimya."

Shangazi akaiweka simu mezani. Hakuwa na hasira tena, alikuwa na huruma, na Fundi angependa hasira.

"Nilikuambia, kweli. Lakini una miaka thelathini na mitano."

Fundi alilijua hilo. Alilijua hata akiwa na ishirini na minne, ameketi koridoni, na hakuna aliyekuwa amemshika mkono.